Shimo la moramu limegoma kuota: tafuta kosa kabla ya kununua miche mingine

Mwezi wa nne machimbo yaliyofukiwa hudanganya. Ukipita njia ya Bahi au ya Chamwino unaona kijani kwenye mashimo ya zamani ya moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara, unamwambia mwenzako hapa watu wamefanya kazi. Rudi mwezi wa kumi, jua likiwa limeshakausha kila kisicho na mzizi, ndipo utajua kipi kilikuwa uoto na kipi kilikuwa magugu ya msimu.

Mashimo yenyewe yameongezeka tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Barabara ya mzunguko wa nje peke yake ina kilometa zaidi ya 112, na tuta la barabara haliletwi na upepo. Lina shimo lake mahali. Ongeza machimbo ya kokoto, ya vito kule Winza wilayani Mpwapwa, na ya dhahabu Iramba na Ikungi. Mwenye eneo anafukia, anapanda miche, anapiga picha. Mwaka wa pili ananipigia simu, na swali huwa lilelile: "Mtaalamu, sasa nipande mti gani?"

Jibu langu huwaudhi. Usipande chochote kwanza. Chukua sululu, ndoo ya maji na kipande cha nondo, twende shambani. Mara nyingi kosa halikufanyika siku ya kupanda. Lilifanyika siku katapila lilipokuwa linasawazisha.

Maji ya mvua yanatiririka juu na miche imedumaa

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Mche una mwaka mmoja na nusu, urefu wake ni uleule uliotoka nao kitaluni, majani madogo, ncha zimekauka. Watu husema ni ukame. Ndiyo, Dodoma ni kame: mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Lakini ruka uzio uangalie pori la jirani. Mkwaju na mgunga ulioota wenyewe unapata mvua hiyohiyo, na unaendelea.

Siku mbili baada ya mvua nzuri, sukuma nondo ardhini kwa mikono, usipige nyundo. Porini itazama hadi nusu ya urefu wa mguu wako. Kwenye eneo lililofukiwa ikigoma kwenye sentimeta 8 au 10, jibu umelipata: ardhi imeshindiliwa. Kama bado una shaka, kata kopo la maziwa pande zote mbili, lizamishe kidogo, jaza maji uhesabu dakika. Maji yakikaa kama yako kwenye sufuria, mzizi nao hauna pa kupita. Kisha ng'oa mche mmoja uliokufa (hauna cha kupoteza) na utazame mzizi mkuu. Ukiwa umekwenda chini kidogo kisha ukakunja kulala ubavu, ulikutana na sakafu.

Dereva wa buldoza halaumiki sana. Aliambiwa asawazishe, akasawazisha vizuri kama anajenga uwanja wa mpira. Kongwa walijua hili kabla yetu: mwaka 1947 Waingereza walileta mitambo kwa ajili ya mradi wa karanga, na udongo wa mfinyanzi wa pale, kila kiangazi, uligeuka kama tofali. Mvua nayo ikawapa kisogo. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha.

Dawa ni kupasua kwa meno ya ripa, yale meno marefu ya chuma nyuma ya katapila, kina cha sentimeta 50 au zaidi, mistari ikifuata kontua, yaani ikikata mteremko kwa usawa. Fanya hivyo Septemba hadi Novemba, ardhi ikiwa kavu, ili ipasuke na kumeguka. Ukipasua ikiwa mbichi, jino linakata kama kisu kwenye ugali: linaacha mfereji wenye kuta laini, na pembeni kunabaki kugumu vilevile. Na usirudi kusawazisha! Nimeshaona mtu akilipia ripa asubuhi, halafu jioni anapitisha greda "ili papendeze". Ardhi inayofaa kuotea ni ile yenye mashimo na vichuguu, inayokufanya ujikwae.

Huna pesa ya mtambo? Chimba makinga maji ya nusu mwezi, mgongo wa tuta ukiwa upande wa chini wa mteremko, na ndani yake vunja ardhi kwa sululu hadi ipite safu ngumu. Hutamaliza eneo lote, lakini utapata sehemu nyingi ndogo ambazo maji yanazama.

Udongo umefunga ukoko na mbegu hazitokezi

Ukoko huu ni kama ule wa chini ya sufuria ya wali: mwembamba, mgumu, unainuka vipande. Una vyanzo viwili, na dawa zake hazifanani, kwa hiyo usikimbilie kununua chochote.

Chukua bonge dogo la udongo mkavu, ukubwa wa punje ya hindi, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usikoroge. Likibomoka tu na maji yakabaki safi, tatizo ni matone ya mvua kupiga ardhi iliyo uchi. Kulima kidogo na kufunika kwa nyasi au matawi kunatosha. Lakini maji yakianza kuzungukwa na wingu jeupe kama maziwa, udongo una sodiamu nyingi, na mfinyanzi wake unatawanyika. Hilo hutokea hasa mahali walipochimbua tabaka la chini na kuliacha juu, au karibu na mbuga za chumvi upande wa Bahi. Hapo unahitaji jasi. Bahati nzuri inachimbwa hapahapa Kanda ya Kati, Itigi. Samadi iliyooza inasaidia pande zote mbili.

Gunia zima la mbegu limemwagwa na hakuna kilichoota

Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, jiulize maswali matatu.

La kwanza, mbegu ziliamshwa? Mgunga, mkwaju na mbuyu zina ganda ambalo maji hayapiti. Porini kazi hiyo hufanywa na tumbo la mbuzi, moto, au miaka. Wewe chemsha maji, epua, mimina mbegu humo, uziache zipoe hadi kesho yake. Zilizovimba ziko tayari. Ambazo hazikuvimba zirudie. Kwa mbegu chache, kukwangua ganda kwa tupa upande usio na kiini kunatosha.

La pili, zilikuwa hai? Mbegu za migunga hushambuliwa mno na wadudu wakiwa bado ndani ya ganda lake. Zikague moja moja kwenye sinia: yenye tundu dogo la duara imeshaliwa. Okota maganda mapema, mtini au mara yanapodondoka, kausha na pura. Ukisubiri Oktoba unawakusanyia wadudu chakula.

La tatu, zilikuta mvua ya kweli? Novemba mwishoni huja mvua moja ya uongo, kisha jua la wiki mbili. Mbegu zote zilizoamshwa huchipua pamoja na kufa pamoja. Kwa hiyo mimi huchanganya: nusu nimeziamsha, nusu nimeziacha na usingizi wake. Zikikosea za kwanza, za pili bado zipo ardhini. Wenye haraka hawapendi ushauri huu kwa sababu asilimia ya kuota mwaka wa kwanza inaonekana ndogo kwenye ripoti.

Miche ya kitaluni ina kanuni yake: ipandwe unyevu ukishafika kina cha mkono hadi kiwiko, na isivuke katikati ya Januari. Mche wa Februari unapewa miezi miwili ya kujenga mzizi utakaovuka miezi saba ya kiangazi. Angalia pia kiriba, kile kifuko cha mche, kabla ya kupokea lori. Mizizi ikizunguka chini kama kata ya kubebea ndoo, rudisha. Mti huo utaishi mwaka mmoja, utakunja mzizi ndani ya shimo, na utakufa mwaka wa pili ukiwa umeshalipa.

Kuna mabaka ambayo hata magugu hayaoti

Baka lenye mpaka unaoonekana wazi, upande huu nyasi, upande huu uchi, ni la kemia. Usiendelee kumwaga mbegu hapo.

Kwenye machimbo ya dhahabu, tazama rangi ya maji yanayotuama. Yakiwa mekundu kama kutu au njano, na kwenye kokoto kuna madini yanayometameta kama shaba, kuna pairiti inayokutana na hewa na kutengeneza asidi. Changanya sehemu moja ya udongo na mbili na nusu za maji ya mvua, acha yatulie, chovya karatasi ya kupimia pH. Chini ya 4.5 mimea mingi haiwezi. Chokaa hupandisha, lakini pairiti ikiwa bado imo, chokaa itakwisha na asidi itarudi. Inabidi kuifukia kwa kifusi safi na kuzuia maji yasiipitie.

Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu, yaliyopitia matenki ya sayanaidi huwa kinyume chake: wachenjuaji huweka chokaa nyingi ili gesi ya sumu isitoke, basi pH hukaa 10 na zaidi. Sayanaidi yenyewe huvunjwa na jua na hewa kadiri muda unavyopita. Zebaki haiendi popote. Pale palipokuwa na mialo ya kuoshea dhahabu, peleka sampuli maabara kwanza. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma mjini, si safari. Mpaka majibu yarudi, usioteshe hapo chochote cha kuliwa na mtu wala mfugo.

Kijani kipo, lakini aina ni moja

Hapa ndipo tunabishana na wenye maeneo. Ameona kijani, mkaguzi ameona kijani, mimi naingia nikiwa na kamba ya meta 50, naihesabia aina zinazoigusa, nazipata nne. Kisha navuka uzio na kamba ileile, kwenye pori lenye udongo na mteremko kama huo, nahesabu mara sita au saba ya hizo. Huwezi kujua umekosa nini kama hukuwahi kuhesabu kilichokuwepo. Kama bado hujafungua shimo lako, hesabu sasa, kabla tingatinga halijaingia.

Nenda na mzee wa kijiji. Ukishasalimia "Mbukwenyi" na kukaa chini ya mti, utapata majina ya Kigogo ya mimea ambayo hakuna kitalu kinachoiuza, pamoja na mwezi wa kuiva kwa mbegu zake. Bibi mmoja wa Chamwino alinionyesha ndani ya saa moja vichaka tisa ambavyo nilikuwa nimeviandika vyote kama "vichaka". Alikuwa na adabu, hakucheka.

Sababu za kijani cha aina moja ninazozijua ni hizi.

Orodha ya miche ilikuwa mbaya. Mwarobaini, mjohoro, lusina: vyote vinapatikana, vinaota haraka, na hakuna hata kimoja cha kwetu. Mwarobaini wa kivulini nyumbani sina ugomvi nao. Lusina kwenye eneo la wazi hujimwagia mbegu mpaka unajuta. Na mtu akikushauri mathenge, ule mti wa kigeni wa miiba (Prosopis), kwa sababu "haifi", amekuambia ubaya wake wote kwa neno moja. Pia karibu kila orodha ni ya miti tu, wakati Kanda ya Kati kwa asili ni nchi ya vichaka: mikole, milama, mitunduru, na jamii ya Commiphora, ile ambayo fito zake watu huchomeka kuwa uzio zikachipua. Hizo Commiphora hazihitaji hata kitalu. Kata fito nene kama kifundo cha mkono mwishoni mwa kiangazi, chomeka.

Nyasi zilimwagwa nyingi mno. Mkandarasi anataka ardhi ifunikwe kabla ya mvua kubwa, anamwaga mbegu za malisho, mara nyingi Cenchrus ciliaris. Nyasi hiyo ni ya Afrika, si mgeni. Lakini ikiwa zulia nzito, inakunywa maji yote ya juu kabla mche wa mkole haujanyoosha mzizi. Mwaka wa tano bado ni zulia lilelile. Hapo usilime eneo lote upya. Fungua mabaka ya meta mbili kwa mbili, ng'oa nyasi na mizizi yake, panda humo vichaka vitatu au vinne vya aina tofauti kwa pamoja, funika kwa miiba. Nyasi iliyobaki waruhusu wanakijiji waikate na kubeba kwa ajili ya mifugo yao. Unapata nafasi na unapata majirani.

Mbolea ilizidi. Mimea yetu ya asili imezoea udongo maskini. Ukimwaga DAP na urea, wanaofaidi ni magugu na nyasi zinazokua haraka, na wenye kukua polepole wanafunikwa. Kama mbolea ni lazima, iwe samadi kidogo ndani ya shimo la mche, basi.

Udongo wa juu ulipotea. Hii ndiyo kubwa, na haina dawa kamili. Mbegu nyingi zilizolala, pamoja na kuvu wanaosaidia mizizi, huishi kwenye sentimeta chache za juu. Zikichanganywa na kifusi cha meta tatu, zimezikwa. Zikilundikwa mlima wa meta nne kwa miaka mitano, zimekufa ndani ya lundo. Kama unaanza shimo jipya, kwangua sentimeta 10 za juu peke yake, lundo lisizidi meta mbili, na bora zaidi udongo uliokwanguliwa leo utandazwe leo upande uliokwisha kuchimbwa.

Kama umeshachelewa, piga hesabu. Kufunika hekta moja kwa sentimeta 10 ni meta za ujazo 1,000, safari 100 za lori la meta za ujazo 10. Hakuna atakayelipa, na udongo huo utakuwa umechunwa pori jingine. Tengeneza visiwa badala yake: funika sehemu ya kumi tu ya eneo, safari 10, kwa udongo uliookolewa shimo jipya linapofunguliwa jirani. Kila kisiwa kiwe na vichaka vyenye matunda ya ndege na matawi makavu yaliyosimikwa wima ili ndege watue. Ndege hunya mbegu ambazo hukuzipata kwenye orodha yoyote. Kwa upande wa kitalu, changanya kwenye viriba udongo kidogo uliochukuliwa chini ya mgunga mkubwa. Kuvu na bakteria wa mizizi huja nao.

Neno kwa walio Manyoni. Kichaka cha Itigi, kile kizito cha mabua membamba kisichopitika, hakifanani na pori la migunga la Dodoma, na hakipatikani sehemu nyingi duniani. Kikikatwa hupona kwa kuchipua kutoka visikini. Tingatinga likiondoa visiki, limeondoa kila kitu. Pembezoni mwa shimo acha visiki vyote mlivyovikuta na mvipogolee kwa njia ya Kisiki Hai (unabakiza machipukizi machache yenye nguvu na kuondoa mengine), ambayo sasa Dodoma inajulikana vijiji vingi. Ndani ya shimo rudisha udongo wa kichaka chenyewe, usilete migunga ya Chamwino.

Mchwa wamekula miche

Mara nyingi wamekula miche iliyokuwa tayari inakufa kwa kiu. Chunguza mizizi kwanza. Kama kweli mchwa ndio chanzo, huenda samadi mbichi iliwaita. Tumia iliyooza, weka majani makavu mbali na shina ili wapate kingine cha kula, na uache sumu. Mchwa ndio wanaotoboa ardhi yako iliyoshindiliwa, bure.

Mbuzi

Uzio wa waya huuzwa, hukatwa, huibiwa. Uzio wa miiba hudumu misimu miwili, na miwili ndiyo unayoihitaji zaidi. Lakini hakuna uzio unaoshinda makubaliano. Kondoa, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973 ulichimba makinga maji na kupanda miti kwa miaka. Mwaka 1979 mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, uoto ulirudi wenyewe kwa kasi ambayo miche peke yake isingefikia. Iliondolewa kwa amri, na wafugaji walibeba gharama. Wewe huna amri hiyo. Nenda kwenye mkutano wa kijiji, mkubaliane miezi gani eneo linafungwa, nani anakata nyasi, faini inaingia mfuko gani, iandikwe kwenye sheria ndogo. Ukikosa hilo, kila ulichosoma hapo juu ni lishe.

Miaka mitatu na bado sioni mabadiliko

Huenda yapo, huyaoni kwa sababu unapita kila wiki. Ile nondo ya kupimia ichomeke kwenye kona moja ya eneo na usiing'oe tena. Simama hapo, piga picha kuelekea upande uleule, Aprili na Oktoba. Kila Oktoba nyoosha kamba ya meta 50 kutoka kwenye nondo na uandike kila kilicho hai kinachoigusa, kwa jina la Kigogo kama la Kiswahili hulijui. Mche ambao haujaongezeka urefu lakini umevuka kiangazi cha pili ukiwa na machipukizi mapya uache. Huo unajenga mzizi. Uliokauka mpaka chini, ng'oa, tazama mzizi umekunjia wapi, na uanze tena na sululu.